Ada na Mchango katika Shule za Kando ya Ziwa Victoria

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, kando ya Ziwa Victoria, ikaazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto apate nafasi katika shule ya msingi. Ada ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1973. Nafasi ziliongezeka, lakini fedha za Serikali hazikutosha, na katika miaka ya 1980 wazazi walitakiwa kulipa tena. Ada ikafutwa mara ya pili mwaka 2002. Na tangu Januari 2016 hata kidato cha nne hakilipiwi katika shule za Serikali, bali hutolewa ruzuku: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kila mwaka.

Neno ada limeondoka. Neno mchango limebaki. Asili yake ni kuchanga, yaani kutoa kwa hiari, lakini shuleni lilichukua maana ya lazima. Sare na madaftari bado ni juu ya mzazi. Basi mtoto wa mvuvi wa Ukerewe aweza kuwa na nafasi darasani wala asiwe na daftari. Ruzuku ihesabuyo vichwa humpa maskini sawasawa na tajiri. Atakaye kumwinua mnyonge hana budi kuhesabu pia kilichopungua nyumbani.