Kusoma si kujifunza: Safari ya kitenzi kimoja hadi Mlima Kenya

Majuzi nilihudhuria mazishi ya mwalimu mstaafu kule Othaya. Ulipofika wakati wa rambirambi, mfawidhi alifungua barua kutoka ofisi fulani na kuanza kusoma: "Tumejifunza kwa huzuni kuu kuhusu kifo cha mwalimu wetu." Mzee aliyeketi karibu nami chini ya hema akanigusa kwa kiwiko. "Profesa," akaninong'oneza, "hao wamejifunza nini? Kifo nacho kina mtihani?"

Nilijikaza nisicheke mbele ya wafiwa. Hata hivyo, mzee alikuwa ameligusa kosa ambalo hata magazeti yetu hulifanya kila uchao: "Gazeti hili limejifunza kwamba waziri atajiuzulu." Kosa lenyewe linatokana na Kiingereza, lugha ambayo imekitwika kitenzi kimoja mizigo mingi. Kwa kitenzi hicho hicho, Mwingereza hupata ujuzi, hupata habari, huhifadhi shairi kichwani, huzoea kuamka alfajiri na huzinduka baada ya kuchapwa na dunia. Kiswahili hakikubali ubahili huo. Habari ya msiba hatujifunzi. Tunaipata, au inatufikia. Gazeti hubaini, hung'amua, hudokezewa. Shairi hulihifadhi au hulikariri. Somo la jana hulidurusu. Na aliyezinduka baada ya kuponea chupuchupu, twasema amepata funzo. Kujifunza, kwa maana yake kamili, ni kujitia ujuzi ambao hukuwa nao, polepole, kwa bidii yako mwenyewe. Ofisi ile ingesema tu, "Tumepokea kwa huzuni habari za kifo cha mwalimu wetu," na mzee wangu angenyamaza.

Lakini hakunyamaza. Baada ya maziko, tukinywa chai, alianza kumsifu marehemu. "Yule alikuwa msomi kwelikweli. Sisi wengine hatukusoma." Nilimuuliza yeye alifanya kazi gani. "Mimi ni fundi tu. Wa mawe." Akanionyesha kwa kidole majengo kadhaa upande wa pili wa bonde, mojawapo likiwa madarasa ambamo marehemu alifundisha.

Neno hilo "tu" ndilo lililonikosesha usingizi usiku ule. Fundi ni neno la ukoo mmoja na kufunda, kufunza, kufundisha na mwanafunzi. Kujifunza ni kujifunza ufundi kabla ya kuwa jambo jingine lolote. Ikawaje basi fundi akasimama mbele yangu akadai hakuna alichojifunza? Ama tuseme sawasawa: hakudai kwamba hakujifunza. Alisema hakusoma. Katika miji yetu ya mlimani, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Kerugoya, kauli hizo mbili zimekuwa moja, na kuna historia iliyozifanya hivyo.

Kitenzi kusoma kilipanda bara kutoka pwani. Huko pwani kilikuwa na harufu ya ibada. Mtoto alipelekwa chuoni, na neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu na pia ya mahali pa kukisomea. Alisoma Kurani hadi akahitimu, na kuhitimu, kabla ya kuwa neno la majoho na vyeti, kulikuwa ni kuikamilisha Kurani hadi mwisho. Misafara iliposafiri bara, kitenzi hicho kilifuatana nayo. Buganda walikipokea mapema, kwanza kupitia kwa Waislamu. Wamishenari Waprotestanti walipowasili mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, walikuta neno li tayari. Waumini wa dini mpya waliitwa abasomi, wasomaji. Hivyo katika Buganda ya miaka ya 1880, kusoma kulikuwa kuabudu, na kulikuwa pia kuchagua upande.

Mlimani petu neno lilifika likabadilishwa sauti. Kikuyu hakina sauti ya s ya Kiswahili, kwa hiyo saa ikawa thaa, sabuni ikawa thabuni, na soma ikawa thoma. Kituo cha serikali cha Nyeri kilianzishwa mwaka 1902, na mwaka huo huo Wamishenari wa Consolata kutoka Italia waliwasili Tuthu, Murang'a, kisha wakaenea hadi Nyeri na kujenga Mathari. Waskoti nao walifungua Tumutumu, karibu na Karatina, mnamo 1908. Vijana waliokwenda huko, wengine wakitoroka kazi ya kuchunga mbuzi, waliitwa athomi. Tafsiri ya neno ni wasomaji, lakini mtu hakuitwa hivyo kwa sababu ya wingi wa vitabu alivyosoma. Maandishi kwa Kikuyu yalikuwa machache mno. Agano Jipya lilichapishwa mwaka 1926, na Biblia nzima ikasubiri hadi 1951. Mthomi alitambulika kwa nguo, kwa nyumba yake, kwa kutohudhuria baadhi ya sherehe na kwa jina jipya la ubatizo. Kusoma kulikuwa namna ya kuishi.

Sasa, jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba Kikuyu kilikuwa tayari na kitenzi cha kujifunza. Kitenzi hicho ni kwiruta. Kimeundwa vile vile kama chetu: kuruta ni kufundisha, na kiambishi cha kujirejelea kikiongezwa unapata kujifundisha, sawa kabisa na -ji- ya kujifunza. Umbo hilo la kuruta hutumika pia kwa kutoa, na katika kuruta wira, yaani kufanya kazi. Nisiingilie hapa mjadala wa toni na asili. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba katika masikio ya Mkikuyu, kufundisha, kutoa na kufanya kazi vinasikika pamoja. Msichana aliyefuata nyanya yake shambani akajua mbegu ipi hupandwa mvua gani, yeye alikuwa anairuta. Hakuna aliyemwambia hajaelimika.

Thoma lilipoingia halikukifukuza kitenzi hicho. Lilikaa juu yake. Kuanzia hapo kukawa na ujuzi wenye heshima, unaopatikana kwa karatasi, na ujuzi mwingine ambao uliendelea kutumika kila siku bila kuhesabiwa.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba walioupinga umishenari walikipinga kitenzi chao. La hasha! Mwaka 1929 ulipozuka mzozo wa tohara ya wasichana, misheni za Kiskoti zilidai waumini waweke alama ya kidole gumba kwenye tamko la kuikana desturi ile. Waliokubali wakabandikwa jina la kirore, yaani alama ya kidole. Maelfu walikataa na wakatoka na watoto wao. Walikwenda wapi? Walijenga shule. Katika miaka ya 1930 zikaundwa jumuiya mbili za shule huru, KISA na ile ya Karing'a, na mwaka 1939 Githunguri ikafunguliwa kuwaandalia walimu. Walikuwa tayari kuliacha kanisa, lakini kusoma hawakuwa tayari kukuacha. Serikali ilipozifunga shule hizo mwaka 1952, wakati wa hali ya hatari, wazazi waliona wamenyang'anywa kitu kikubwa kuliko majengo. Miongoni mwa watu wa mlima waliofikishwa kizuizini enzi hizo alikuwamo Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji aliyekuja kufanyia kazi zake Karatina; shajara yake ya kizuizini ilimpatia Tuzo ya Noma mwaka 1984.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Kuna kitenzi kingine cha kusoma ambacho kimepotea njia. Kutalii, kutoka Kiarabu, kulikuwa na maana ya kusoma na kuchunguza kwa makini kabla ya kuwa matembezi ya mapumziko. Kwa hiyo mgeni aliyelala Treetops akisubiri tembo waje kunywa maji angestahili, kwa asili ya neno, kuitwa msomi kabla ya wengi wetu wenye shahada.

Turudi njiani. Baada ya uhuru, kusoma kulipata mnyambuliko uliotawala maisha yetu: kusomesha. Kwenye kamusi utakuta ni kumfanya mtu asome, au kufundisha. Mlimani, maana ya kwanza ni kulipa karo. "Nani alikusomesha?" Jibu la watu wa rika langu ni moja: kahawa. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwafungulia wakulima Waafrika zao hilo kwa mapana, na kwa miaka mingi kila debe la kahawa lililobebwa mgongoni hadi kiwandani lilikuwa ukurasa wa daftari la mtu fulani. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na miti ya mama yangu.

Mama hakusoma. Ndivyo alivyosema, na ndivyo sisi wanawe tulivyosema, bila kufikiri. Alijua kupogoa miti na kutambua ugonjwa kwenye tunda kabla haujaonekana, na alijua kupiga hesabu ya malipo ya msimu kichwani bila kukosea hata senti. Lakini siku ya malipo alipeleka kidole gumba kwenye wino kama watu wa 1929.

Kampeni ya kitaifa ya kisomo cha watu wazima ilipoanza mwaka 1979, alijiandikisha kwenye ngumbaru. Madarasa yalikuwa alasiri, chini ya mti, karibu na kanisa. Wakati huo nilikuwa kijana niliyejaa majivuno ya sekondari, na likizo moja nilimuuliza, kwa Kiswahili ili nimpime, "Mama, unasoma nini huko?" Akanijibu kwa Kikuyu kwamba hasomi, anairuta kuandika. Nilidhani amekosea msamiati. Imenichukua miaka arobaini na zaidi, na fundi mmoja wa Othaya, kutambua kwamba alikuwa amechagua neno.

Msimu uliofuata alisimama kwenye foleni ya malipo nami nikiwa nyuma yake. Karani, kwa mazoea, alimsogezea kile kidau cha wino bila kuinua macho. Mama alikirudisha, akaomba kalamu. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa zilizovuka mstari na kuingia kwenye nafasi ya mtu wa chini yake, na foleni nzima ikasubiri hadi alipomaliza.