Noti Iliyokataliwa Sokoni

Ukiwa sokoni Goma au Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mpe muuzaji vitenge noti ya dola 20 yenye mchaniko usiozidi punje ya mchele. Ataigeuza, ataiinua kwenye mwanga, atapitisha kidole pembeni mwake, kisha atakurudishia bila neno. Faranga iliyolegea kwa jasho na mafuta ya samaki ataipokea. Mgeni huona ni ukaidi. Mimi naona ni watu waliokwisha kuibiwa na pesa yao wenyewe.

Sarafu ya zaire ilipoanzishwa mwaka 1967, zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, lakini matumizi ya Rais Mobutu Sese Seko hayakupungua, na Benki Kuu ikageuka kuwa mfuko wake. Mjerumani Erwin Blumenthal, aliyepelekwa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1978 kuisimamia, aliandika mwaka 1982 kwamba wanaoidai nchi hiyo wasitegemee kulipwa.

Wanakijiji hawakuhitaji ripoti hiyo. Siku ya Krismasi mwaka 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazitumiki tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiwango maalumu, na mipaka ikafungwa. Mkulima aliyekuwa ameficha mauzo ya kahawa ndani ya debe, na benki iko mwendo wa siku mbili kwa miguu, angefanya nini? Akiba yake ikawa karatasi ya kuwashia moto. Sijui jina jingine la kitendo hicho ila wizi.

Kwa hiyo ilipokuja noti ya zaire milioni 5, mwanzoni mwa mwaka 1993, wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa. Étienne Tshisekedi, waziri mkuu aliyechaguliwa na Kongamano la Kitaifa, alikuwa ametamka kwamba si halali. Mobutu aliwalipa askari mishahara kwa noti hizohizo. Walipofika madukani na kuambiwa hazipokelewi, walipora na kuua. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, alipigwa risasi akafa katika ghasia hizo.

Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Eneo la Kasai, nyumbani kwa Tshisekedi, likagoma. Katika miji yake ya Mbuji-Mayi na Kananga, watu waliendelea kununua mihogo kwa noti kuukuu, zilizochanika na kugandishwa kwa gundi. Hapa napenda kutua kidogo, maana walifanya jambo ambalo magavana wa benki hawakuliweza. Noti hizo hazikuwa zikichapishwa tena, wala hapakuwa na ndege ya kuleta shehena nyingine kutoka Ulaya. Uchakavu wake ukawa ndio dhamana yake. Pale Kasai thamani ilishikilia vizuri zaidi, ilhali kwingineko nchini, mwaka 1994 peke yake, bei zilipanda zaidi ya mara 90. Mama wa soko aliyehesabu vibunda vile kila jioni aliijua pesa kuliko waliotia saini juu yake.

Noti kubwa za mwisho za Mobutu watu waliziita "prostate", kwa ugonjwa wa tezi dume uliokuwa ukimmaliza. Alikimbia Mei 1997. Faranga ya Kongo haikutolewa hadi Juni 1998, na katikati ya hapo ilibidi watu wale na wavae kwa noti zilezile. Zipo noti za zaire 20,000 zilizobaki tangu siku hizo: chui yupo, saini ya gavana ipo, na mahali pa uso wa Mobutu pana tundu lililokatwa kwa uangalifu.