Tochi ya leza ya kijani na hatari isiyoonekana

Vile vitochi vidogo vya leza ya kijani ambavyo watoto hupenda kumulikiana usiku vina siri. Katika vingi vyake, rangi ya kijani haitoki kwenye taa. Inatengenezwa ndani ya kipande kidogo cha fuwele.

Tuanze na redio yako. Ukiifungulia kwa kiasi, spika hufuata muziki ulivyo. Ukiongeza hadi mwisho, spika hushindwa kufuata na kuanza kukwaruza: unasikia sauti ambazo hazimo kwenye wimbo. Mwanga nao ni mawimbi, na hutikisa elektroni za kitu unachopita. Mwanga wa taa ya kawaida huzitikisa kidogo tu, na rangi iliyoingia ndiyo inayotoka. Mwanga mkali mno huzitikisa kupita kiasi, na baadhi ya fuwele hapo hutoa mawimbi mapya yanayotikisika mara mbili zaidi. Hiyo ni rangi nyingine kabisa.

Mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya leza ya kwanza kuwaka, Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipitisha leza nyekundu ya nanomita 694 kwenye fuwele wakapata mionzi ya nanomita 347, nusu yake. Alama yake kwenye picha ilikuwa hafifu kiasi kwamba, inasimuliwa, jarida liliifuta likidhani ni uchafu.

Kitochi chako hufanya hivyo hivyo. Ndani yake kuna mionzi ya infraredi ya nanomita 1064, ambayo jicho halioni. Fuwele huigeuza kuwa ya 532, yaani kijani. Lakini haigeuki yote. Kitochi kizuri kina kichujio cha kuzuia inayobaki. Cha bei rahisi huenda hakina. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza kuwa takriban asilimia 90 ya leza za kijani ilizopima hazikutimiza masharti ya usalama. Kwa hiyo lebo pekee haitoshi kuaminiwa.

Mwanga mkali unaoonekana hufanya kope zifumbe. Infraredi haizifumbishi, lakini hufika nyuma ya jicho na inaweza kupaunguza bila mtu kuhisi maumivu, na kidonda hicho huweza kubaki maisha yote. Mtoto akisema anaona doa jeusi katikati ya kila anachotazama baada ya kumulikwa, mpelekeni kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, hata kama jicho halijawa jekundu.