Daftari la Wafu Saba: Majira Mawili ya Baridi katika Kisiwa cha Jan Mayen

Katika bahari ya kaskazini, baina ya Norwei na Greenland, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Jan Mayen. Kimekaa kwenye nyuzi 71 kaskazini ya ikweta. Urefu wake ni yapata kilomita 54, na eneo lake lote ni kilomita za mraba 377 hivi, yaani hakifiki hata robo ya Unguja. Kisiwa chote kilizaliwa na moto wa ardhini. Upande wa kaskazini umesimama mlima wa volkano uitwao Beerenberg, maana yake mlima wa dubu, wenye kimo cha mita 2,277, nao umevikwa barafu kutoka kileleni, na mito ya barafu hiyo hushuka polepole hata baharini. Upande wa kusini ni vilima vya mawe meusi na kuvu la kijani. Hapana mti, hapana bandari njema, wala hapajapata kuwa na wenyeji. Kwa muda wa karibu miezi miwili kila mwaka jua halichomozi kabisa.

Mahali pa namna hii hapana historia ya wafalme wala ya miji. Historia yake ni ya watu waliokwenda huko kwa haja zao, wakakaa, kisha wakaondoka au wakazikwa. Katika kukaa huko, mara mbili zastahili kuwekwa pamoja na kupimwa: majira ya baridi ya mwaka 1633 hadi 1634, na yale ya mwaka 1882 hadi 1883. Kisiwa kilikuwa kilekile, giza lilelile na upepo uleule. Lakini watu wa mara ya kwanza walikufa wote, na wa mara ya pili walirejea kwao na hazina ya maarifa. Sababu ya tofauti hiyo haimo katika moto wa mlima wala katika ukali wa baridi.

Kisiwa kilijulikana waziwazi katika mwaka 1614, na jina lake limetokana na nahodha Mholanzi, Jan Jacobszoon May. Kilichowavuta Waholanzi huko ni nyangumi. Mafuta ya nyangumi yaliwasha taa na kutengeneza sabuni katika miji ya Ulaya, na kampuni moja ya Uholanzi, iliyoitwa Noordsche Compagnie, ilipewa hati ya kuivua bahari hiyo katika mwaka uleule wa 1614. Kila kiangazi merikebu zilifika, wanyama wale wakubwa wakaburutwa hata ufukoni, mafuta yao yakayeyushwa katika masufuria makubwa ya shaba na kutiwa mapipani. Kwa miezi michache pwani ile tupu ilijaa moshi, kelele na uvundo. Baridi ilipokaribia, merikebu zilitweka matanga, na kisiwa kikarudia ukimya wake.

Lakini masufuria, mashua na mapipa yalibaki, na mali isiyo na mlinzi humwita mwizi. Katika mwaka 1632 wavuvi Wabaski walivishambulia vituo vile na kuvipora. Basi wakubwa wa kampuni wakaazimia kuacha walinzi. Mwaka 1633 watu saba waliachwa Jan Mayen chini ya uongozi wa Outger Jacobsz, na wengine saba wakaachwa Spitsbergen, nchi iliyo kaskazini zaidi. Tarehe 26 Agosti merikebu za Jan Mayen zilianza safari ya kurudi Uholanzi, na wale saba wakabaki na nyumba yao, mbwa wao, na akiba ya nyama ya chumvi, mkate mkavu, jibini na mvinyo.

Waliachiwa pia kazi moja ambayo haikuonekana kuwa kubwa: waliambiwa waandike habari za kila siku. Waswahili husema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hawa hawakuwa na mali yao wenyewe, lakini daftari walikuwa nalo, nalo ndilo lililowafanya wasiishe bila habari. Kwa miezi mingi halina makuu. Linataja upepo ulikotoka, theluji iliyoanguka, bahari ilipoganda na ilipofunguka, na dubu walipokaribia. Ni maandishi ya watu wa bahari, ambao macho yao yamezoea kuangalia mbingu kabla ya kujiangalia wenyewe. Msomaji asiyejua mwisho wake angeweza kudhani kwamba wanaume wale waliyavuka majira ya baridi kwa salama.

Na kwa kweli giza waliliweza, na baridi waliiweza. Hatari ilikuja wakati jua lilipokwisha kurudi. Mwezi wa Machi udhaifu ulianza kuwaingia, nao wakatambua kwamba ni kiseyeye, na kwamba chakula cha chumvi, siku nenda siku rudi, kisichochanganyika na kitu kibichi, ndicho kilichokuwa kikiwaua. Tarehe 16 Aprili 1634, siku ya Pasaka, karani wao alifariki. Mkono mwingine uliishika kalamu, ukaomba rehema kwa Mungu kwa ajili ya marehemu na kwa ajili ya waliobaki, kwa kuwa wote walikuwa wagonjwa. Wiki iliyofuata mwandishi yule alieleza kwamba miongoni mwao wote ni yeye peke yake aliyeweza kujisaidia, na kwamba kiongozi wao alikuwa akikata roho. Katika siku za mwisho za mwezi walimchinja mbwa wao kwa kukosa nyama mbichi. Tarehe 30 Aprili daftari linakoma.

Merikebu zilirudi mapema Juni. Mabaharia walioteremka pwani waliwakuta wenzao nyumbani. Wa kwanza kufa alikuwa amekwisha tiwa sandukuni na wenzake. Waliofuata walilala kila mtu mahali pake pa kulala, maana hapakuwa na wa kumzika mwenziwe. Inaelezwa kwamba mmoja alikuwa na mkate na jibini kando yake. Mwingine alikuwa na kikopo cha marhamu, na mkono wake ulikuwa umeinuliwa kuelekea kinywani, kana kwamba mauti yalimfikia akiwa anajipaka fizi. Chakula kilikuwapo. Hawakufa kwa njaa.

Hapa ndipo pa kusimama na kufikiri. Kiseyeye hutokea mwili unapokosa kwa muda mrefu kitu kidogo kilichomo katika matunda na majani mabichi, ambacho leo huitwa vitamini C. Fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, makovu ya zamani hufunguka, nguvu hutoweka, na mwisho wake ni kufa. Kitu chenyewe hakikutambuliwa na wataalamu mpaka miaka ya 1930 ilipoanza. Lakini kwamba tunda linaponya, hilo lilijulikana zamani, na ushahidi mmoja ulio wazi umetoka katika pwani ya Afrika Mashariki. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, miongoni mwa zawadi alizopelekewa na mfalme wa mji palikuwa na machungwa, malimau na miwa, na kitabu cha safari ile chasema kwamba wagonjwa wake walipata nafuu hapo. Aliporudi kutoka Bara Hindi, safari ya karibu miezi mitatu baharini iliwaua watu wake 30 kwa ugonjwa huohuo. Walipotia nanga Malindi mwezi wa Januari 1499, kitu cha kwanza walichokitamani wagonjwa ni machungwa. Dawa ya wale saba wa Jan Mayen ilikuwa imelala katika vikapu vya sokoni Malindi miaka 134 kabla ya wao kuuguzana gizani.

Wala Wareno hawakuwa peke yao. Mwaka 1601 nahodha Mwingereza James Lancaster aliwanywesha mabaharia wa merikebu yake maji ya limau katika safari ya Mashariki, nao wakasalimika kuliko wenzao wa merikebu nyingine. Mwaka 1652 Waholanzi wenyewe, lakini wa kampuni nyingine, walianzisha bustani katika Rasi ya Tumaini Jema ili mabaharia wao wapate mboga njiani. Maarifa yalikuwapo, ila yalikuwa yametawanyika, kila neno likikaa kwa mwenye kulisema. Aliyejua habari za Mashariki hakuwa yule aliyepakia mapipa ya kaskazini. Hata baada ya tabibu James Lind kuwajaribu wagonjwa kwa machungwa na malimau mwaka 1747, ilipita karibu nusu karne kabla ya jeshi la majini la Uingereza kuyafanya maji ya limau kuwa sheria, mwaka 1795. Na maarifa yaliyopatikana hivyo yaliweza kupotea tena: msafara wa Nares, uliotoka Uingereza kwenda ncha ya kaskazini mwaka 1875, ulishikwa na kiseyeye kilekile.

Kuna jambo jingine linaloongeza uchungu. Katika visiwa vya kaskazini, Jan Mayen kimojawapo, huota mmea mdogo wa majani mazito ambao watu wa Ulaya waliutumia tangu kale kutibu kiseyeye. Theluji huufunika majira ya baridi. Wale saba walikuwa wamelala juu ya ardhi iliyokuwa na dawa yao wakati wa kiangazi. Wenzao saba wa Spitsbergen walinusurika mwaka ule, na kwa ajili hiyo watu wengine saba waliachwa Spitsbergen kwa majira ya pili, ya 1634 hadi 1635. Hao wakafa wote kwa kiseyeye. Baada ya hapo kampuni haikumwacha tena mtu kulinda masufuria. Miaka michache baadaye nyangumi nao walipungua katika maji yale kwa kuvuliwa kupita kiasi, na kisiwa kikaachwa.

Karibu miaka 250 ilipita. Mwaka 1875 ofisa wa jeshi la majini la Austria na Hungaria, Karl Weyprecht, ambaye alikuwa amekwisha shikwa na barafu kaskazini kwa miaka miwili, alitoa hoja mpya. Alisema kwamba mbio za kupeleka bendera mbali zaidi kuliko jirani hazikuwa na faida kubwa kwa elimu. Faida ilikuwa katika kukaa: vituo vingi viwekwe kuizunguka ncha ya dunia, na watu wa mataifa mbalimbali wapime hewa na nguvu ya sumaku ya ardhi kwa saa zilezile na kwa namna ileile. Weyprecht alifariki mwaka 1881, lakini shauri lake likatimizwa mwaka uliofuata, katika Mwaka wa Kwanza wa Kimataifa wa Ncha za Dunia. Kituo cha Austria na Hungaria kiliwekwa Jan Mayen kwa gharama ya Hans Wilczek, mtu wa ukoo mkubwa na mwenye mali.

Merikebu Pola iliwafikisha watu 14 kisiwani katika kiangazi cha 1882, chini ya Emil von Wohlgemuth. Walijenga nyumba za mbao, tabibu alikuwa miongoni mwao, na akiba yao ilipangwa na watu waliokijua kiseyeye na kukihofu. Kazi yao ilikuwa moja, nayo haikuwa na pumziko: kila saa, mchana na usiku, mtu alikwenda kuvisoma vyombo na kuandika. Tarehe 1 na tarehe 15 za kila mwezi vyombo vya sumaku vilisomwa kila baada ya dakika 5 mchana kutwa na usiku kucha, na saa hizohizo watu wa vituo vingine walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Pamoja na hayo walikizunguka kisiwa, wakakipima na kukichora ramani, na majina mengi waliyoyatia yangali yanatumika. Kiseyeye, kilichowamaliza Waholanzi saba, hakikuwamaliza hawa. Mwaka 1883 walichukuliwa, na kazi yao ikachapishwa Vienna mwaka 1886.

Isidhaniwe kwamba elimu peke yake iliwakinga. Mwaka 1881 watu 25 wa msafara wa Marekani chini ya Adolphus Greely waliwekwa mbali zaidi kaskazini kwa kazi ileile. Merikebu za kuwachukua zilishindwa kuwafikia, na waliofika kwao wakiwa hai walikuwa 6 tu. Mtu aliye kisiwani huishi kwa vitu viwili: kwa akijuacho, na kwa ahadi ya wale waliomwacha. Kimoja kikikatika, cha pili hakitoshi.

Tangu mwaka 1921 Wanorwei wana kituo cha hali ya hewa kisiwani, na katika mwaka huohuo kilele cha Beerenberg kilipandwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1929 Norwei ilikitwaa kisiwa kuwa chake. Kuhusu mlima wenyewe, ukimya wake ulikuwa usingizi tu. Mwezi wa Septemba 1970 ubavu wake ulipasuka, moto ukabubujika hata baharini na kuongeza ardhi mpya, na watu wa kituo wakaondolewa kwa muda.

Basi mlima wa moto, ambao mgeni angeuogopa kwanza, haukuwaua wale saba. Waliuawa na kupungukiwa na kitu ambacho wengine walikuwa wamekwisha kijua, na ambacho hakuna aliyekileta mahali kilipohitajiwa. Waliachwa walinde masufuria, lakini walichokilinda hasa ni daftari. Maneno yao machache juu ya upepo, theluji na fizi zinazouma yalisomwa Uholanzi, yakafasiriwa na kuchapishwa katika lugha nyingine, na yangali yanasomwa, ilhali hapana ajuaye masufuria yale yalikokwenda. Wale 14 waliofika baada yao waliandika kila saa wakijua kwamba yupo atakayesoma. Yule Mholanzi wa mwisho hakuwa na hakika hiyo. Naye aliandika hata tarehe 30 Aprili.