Jina Lisilotajwa Ovyo



Jioni moja, baada ya sala ya nyumbani, mjukuu wangu aliniuliza swali. "Babu, mbona ulipoomba uliita Bwana, Bwana, Bwana, kila mara? Kwani alikuwa hasikii?" Watu wazima waliokuwapo walicheka. Mimi sikucheka. Usiku ule niliyakumbuka maombi yangu, nikaona ya kwamba jina la Mungu nimelifanya kuwa kama kikohozi cha mtu anayetafuta neno la kusema. Basi leo tuangalie pamoja jinsi watu wa Mungu waliotutangulia walivyolichukua jina hilo.

Katika Kutoka mlango wa 3, Musa aliuliza jina la Yule aliyemwita kutoka katika kijiti kilichowaka moto. Jina alilopewa Israeli huandikwa kwa Kiebrania kwa herufi nne tu. Hapo kale walilitaja hata katika salamu: Boazi aliwasalimu wavunaji wake kwa jina hilo, kama tunavyosoma katika Ruthu 2:4. Lakini amri ya tatu iliwakaa moyoni, na kabla ya Kristo kuzaliwa walikuwa wameanza kuacha kulitamka. Msomaji alipofika penye zile herufi nne, alisema "Adonai", yaani Bwana wangu.

Kumbukumbu za Wayahudi zasimulia ya kuwa Siku ya Upatanisho kuhani mkuu alilitamka jina hilo Hekaluni, na watu wote waliosimama uani wakaanguka kifudifudi. Mwaka wa 70 Warumi waliliteketeza Hekalu, na sauti ile ikanyamaza.

Waandishi nao walikuwa na heshima yao. Mwaka wa 1947 wachungaji wa Kibedui waligundua magombo ya kale katika pango la Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi. Katika baadhi ya magombo ya huko, jina la Mungu limeandikwa kwa herufi za kizamani, tofauti na maneno mengine. Mahali pengine mwandishi hakuthubutu hata hivyo. Aliweka nukta nne tu.

Tena, Wayahudi hawakutupa karatasi yenye jina la Mungu. Zilipochakaa waliziweka akiba katika chumba. Chumba kimoja cha namna hiyo kilikuwa katika sinagogi la Ben Ezra, mjini Kairo. Mtaalamu Solomon Schechter alifika huko mwaka wa 1896, akapeleka Cambridge, Uingereza, vipande zaidi ya 150,000. Hata barua za wafanyabiashara zilikuwamo!

Labda utasema, "Hayo ni mambo ya Wayahudi, yanatuhusu nini?" Fungua Biblia yako ya Kiswahili, ile ya Union Version iliyotolewa mwaka wa 1952. Katika Agano la Kale utaona neno BWANA kwa herufi kubwa. Hapo ndipo zilipo zile herufi nne. Waliotafsiri kwa Kiyunani waliandika Kurios, wa Kilatini wakaandika Dominus, na sisi tukapokea BWANA. Heshima ya wale wa kale imo mkononi mwako kila Jumapili, nawe pengine hukujua.

Lakini tusikosee, ndugu zangu. Yesu hakutufundisha kuogopa matamshi. Alitufundisha kuanza na neno la nyumbani, Baba. Kisha, kabla ya mkate wa leo, kabla ya kusamehewa deni, aliweka ombi kwamba jina la Baba litukuzwe. Martin Luther, katika katekisimu yake ndogo ya mwaka wa 1529, alieleza ya kuwa jina hilo ni takatifu lenyewe. Twaomba liwe takatifu na kwetu pia.

Kwetu, maana yake ni wapi? Ezekieli mlango wa 36 watujibu. Mungu aliwashtaki Israeli kwamba wamelitia jina lake unajisi kati ya mataifa. Hakuwashtaki kwa kulitamka vibaya. Mwenendo wao ndio uliolichafua, hata majirani wakalidharau. Basi mtu aweza kuufunga mdomo wake kwa hofu, na huku maisha yake yakilitukana jina lile lile.

Wazee wetu wa uamsho walilijua jambo hili. Uamsho huo ulitoka Rwanda na Uganda, ukafika Kenya mwaka wa 1937. Wao walisalimiana kwa kumsifu Bwana, kama Boazi na wavunaji wake. Lakini waliosalimiana hivyo waliungama dhambi zao hadharani, wakarudisha walichoiba. Miaka ya 1950 wengi wao walikataa kula kiapo, wakakataa pia kushika bunduki, na wengine waliuawa. Salamu yao ilikuwa na gharama.

Na sisi je? "Bwana asifiwe" yetu imekuwa njia ya kunyamazisha makelele kabla ya matangazo. Sokoni twaapa "Haki ya Mungu" ili kuuza debe la mahindi lisilojaa. Kortini twashika Biblia na kusema uongo. Kisha Jumapili twasimama na kuomba kwamba jina lake litukuzwe! Mpendwa, hebu pima ombi hilo kwa debe lako.

Sikuambii uogope kumwita Baba. Mtoto hamwogopi babaye hata asimwite. Lakini mtoto mwema hapigi kelele za bure kwa jina lake, wala halitumii kukopa dukani. Wiki hii jaribu jambo moja: kabla ya kulitaja jina la Mungu katika sala, nyamaza kidogo, ukumbuke unasema na nani. Maombi yako huenda yakawa mafupi. Yangu yamekuwa mafupi, na mjukuu wangu hajaniuliza tena.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe tulivyolichukua jina lako mdomoni bila kulichukua moyoni. Ulitakase katika sala zetu, katika biashara zetu na nyumbani mwetu, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.