Tufananishwe na Mwana Wake



Tarehe 16 Februari 1977, Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, aliuawa mjini Kampala chini ya utawala wa Idi Amin. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, naye alikuwa hatarini. Usiku yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu mpaka Rwanda.

Festo alikuwa mhubiri mashuhuri, mtu wa uamsho tangu ujana wake. Lakini uhamishoni aliona chuki juu ya Amin ikimea moyoni. Siku ya Ijumaa Kuu, akiwa ibadani London, alisikia jinsi Yesu alivyowaombea msamaha wale waliomsulubisha. Akatambua kwamba Amin naye hakuachwa nje ya maombi hayo. Akatubu, akasamehe. Mwaka uo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakuuficha uovu wa mtawala huyo. Alikataa kuulipa kwa chuki.

Ndugu yangu, uaskofu haukuwa mwisho wa safari ya Festo, wala wingi wa mahubiri. Warumi 8:29 yatufundisha kwamba Mungu amekusudia tufanane na Mwana wake. Hilo ndilo lengo. Mengine yote hulifuata.

Je, ni nani usiyemtaja kamwe katika maombi yako? Leo anza na huyo.

Bwana akubariki.