Maswali ya Sikukuu na Desturi za Mlimani

Wasomaji wetu, jioni moja masomo yalipokwisha tuliwauliza watoto swali lionekanalo kuwa jepesi: Kwa nini siku ya Jumamosi huitwa Jumamosi, yaani siku ya kwanza, hali Wakristo huanza juma lao kwa Jumapili? Watoto wakatazamana. Mmoja akacheka, wa pili akasema ndivyo Mungu alivyopenda. Hatukumlaumu, kwa maana tulipowauliza watu wazima njiani walitupa jibu lile lile, ila wao hawakucheka. Ndipo tukaona inafaa kuandika habari chache za asili ya siku zetu, sikukuu zetu na desturi zetu huku mlimani, kwa kuwa mengi twayatenda kila mwaka wala hatujui yametoka wapi.

Basi tuanze na lile swali. Majina ya siku yalipanda mlimani kutoka pwani pamoja na lugha yenyewe, na watu wa pwani ni Waislamu, ambao siku yao kuu ya kusali ni Ijumaa. Ijumaa ikiisha kupita, huanza kuhesabu: mosi, pili, tatu, nne, tano. Kwa hiyo Mkristo wa Machame aendapo kanisani Jumapili, huenda katika siku ya pili kwa hesabu ya pwani, nayo ni ya kwanza kwa hesabu ya Maandiko. Tena liko jambo la kuchekesha zaidi. Jumatano ni siku ya tano, na kesho yake ni Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo maana yake pia ni ya tano. Twazo siku mbili za tano zifuatanazo, wala siku ya sita hatunayo kabisa! Hata hivyo hatujapata kusikia mtu aliyepotewa na siku ya soko kwa sababu hiyo.

Majina ya sikukuu nayo yana safari zao. Pasaka ni neno la Kiebrania lililopita katika lugha nyingi kabla ya kutufikia. Noeli, walipendalo ndugu zetu Wakatoliki, ni la Kifaransa, na watu wa Kilema na Kibosho hawataona ajabu, kwa maana Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanza kazi huko mwanzoni mwa miaka ya 1890 wengi wao walitoka Ufaransa. Krismasi ni la Kiingereza. Na Wajerumani je? Watu wa misioni ya Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakafika Mamba mwaka 1894, na Moshi mwaka 1896, nao walikuwa na jina lao la Krismasi, lakini halikushika katika Kiswahili. Lugha yao ilituachia neno shule, na desturi yao ikatuachia mti.

Habari za mti huo zapendeza kuzijua. Wa kwanza walioandikwa kuwa waliweka mti wa kupambwa ndani ya nyumba wakati wa Krismasi ni watu wa Strasbourg, mwaka 1605, nao waliutundikia matofaa na maua ya karatasi. Kumbe si desturi ya tangu enzi za Mitume, wala Maandiko hayautaji. Hata shada lenye mishumaa, liwashwalo katika makanisa mengi ya Kilutheri majuma manne kabla ya Krismasi, ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa na nyumba ya kulea watoto maskini katika mji wa Hamburg, na watoto wale walikuwa wakimsumbua kila siku kwa kumwuliza zimebaki siku ngapi. Basi mwaka 1839 akatwaa gurudumu la gari, akasimamisha juu yake mishumaa, midogo kwa siku za juma na mikubwa minne kwa Jumapili, akawasha mmoja kila siku ili wahesabu wenyewe. Kila mwalimu aliyepata kuulizwa na watoto jambo moja mara ishirini atamwelewa mzee huyo.

Tarehe 25 Desemba yenyewe haimo katika Injili. Ushahidi wake wa kale tuujuao ni wa Rumi, wa mwaka 336. Pasaka haina tarehe moja, kwa kuwa hufuata mwezi: kanisa letu na la Kikatoliki huishika Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu uangukao tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Mtu wa Ulaya huiona Pasaka kuwa sikukuu ya majani mabichi baada ya baridi. Sisi huku twaijua kwa tope.

Na hilo tope si neno dogo, kwa maana latusaidia kujibu swali tunaloulizwa sana na wageni: Kwa nini Wachagga hurudi nyumbani wakati wa Krismasi, wala si Pasaka? Kila mwaka ifikapo katikati ya Desemba, barabara itokayo Dar es Salaam hujaa mabasi na magari madogo, na wenye mamlaka hulazimika kutoa ruhusa kwa mabasi ya ziada. Reli iliyofika Moshi mwaka 1911 ilikaa miaka mingi bila abiria, na treni yao ilipoanza tena mwaka 2019, ilikuwa katika mwezi huo huo wa Desemba. Watu wa makabila mengine hututania kwa ajili ya safari hiyo, nasi hatukasiriki. Kwa maoni yetu sababu ni kadhaa zilizoshikamana. Desemba shule zimefungwa na ofisi hutoa likizo. Pasaka huangukia masika au mwanzo wake, nazo njia za kupanda migombani huteleza hata mtu hutamani kurudi alikotoka. Lakini sababu kubwa zaidi, twadhani, ni ya kale kuliko Krismasi, nayo ni kihamba.

Msomaji wa mlimani hahitaji kuelezwa kihamba, ila watoto waliozaliwa mijini watusamehe tukieleza. Ni shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, walimozikwa wazee wa ukoo. Kwa desturi mwana wa kwanza hupewa sehemu yake kwanza, naye kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba na mama na kuwatunza katika uzee wao. Wana wa katikati zamani walitafutiwa ardhi mpya kando ya mlima. Ardhi hiyo ikaisha. Watu wakaongezeka, kahawa ikaenea, na wana wa katikati wakawa ndio wa kwanza kushuka tambarare, kisha Moshi mjini, kisha Arusha, Tanga, Dar es Salaam na mbali zaidi. Si ajabu basi kwamba katika miji ya nchi yetu mwenye duka huitwa Mangi, jina ambalo zamani lilikuwa la mtawala peke yake. Wamangi wenyewe waliondolewa madarakani mwaka 1963. Jina likabaki kaunta, likauza sukari na kibiriti.

Anayeondoka nyumbani kwa sababu hana mahali pa kulima hasahau alikotoka, na akirudi hurudi kama mwenye neno la kusema. Kwa hiyo mwezi wa Desemba si mwezi wa kula tu. Ndio wakati wazee wa ukoo waketipo na wana wote wakiwapo, mambo ya mahari yakasemwa, na ya misiba, na ya mipaka ya vihamba. Mbuzi huchinjwa, na kila kiungo cha nyama kina mtu wake kwa cheo chake katika ukoo. Anayekosea kugawa amekosea zaidi ya chakula. Mbege nayo yataka siku kadhaa: ndizi mbivu hupikwa na kuachwa zichachuke, ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji, kisha vyote huchanganywa, na gome la msesewa hutia uchungu. Mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, ili waone kwamba haina sumu. Zamani ulezi huo ulistawi papa hapa mlimani wakati wa kiangazi, kwa maji ya mifongo waliyoichimba babu zetu kutoka mabonde ya juu. Sasa sehemu kubwa hununuliwa kutoka mbali, na mifongo mingi imekauka.

Katika mambo yaliyopotea, liko moja ambalo sisi twalisikitikia kuliko yote. Zamani mwanamke wa Kichagga akiisha kujifungua alikaa ndani yapata miezi 3. Hakulima, hakukata majani ya ng'ombe, wala hakubeba mzigo. Alilishwa mtori na nyama, na mama mkwe ndiye aliyemtunza. Miezi hiyo ikiisha alinyolewa, akavikwa shanga kichwani na vazi la ngozi, akapewa fimbo kama ile ya wazee, akatoka na mtoto wake kwenda sokoni polepole. Huko njiani na sokoni wanawake walimpokea kwa nyimbo zile zile walizoimbiwa mashujaa waliorudi kutoka vitani. Hebu tufikiri jambo hilo. Waliojua vita, na mlima huu uliviona vingi kati ya Moshi na Kibosho katika siku za Rindi na Sina, waliona kwamba mwanamke aliyepita kitandani cha uzazi akiwa hai ametoka vitani naye. Kwa nini desturi hii ilikufa? Hatuwezi kusema kwamba kanisa peke yake liliiua. Mavazi ya ngozi yaliachwa, zahanati zikaja, wanawake wakaingia kazini. Lakini ni kweli kwamba wengi wa wale waliotufundisha waliona katika kila ngoma na kila ushanga kitu cha kipagani, wakatupa punje pamoja na makapi.

Hapa inafaa kumtaja Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902, akaifanya kazi yake ndefu katika Moshi ya Kale hata mwaka 1938. Yeye aliona kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyovitia Muumba mwenyewe, na kwamba kanisa likivikata litabaki na watu wasio na kwao. Aliandika mafundisho waliyopewa vijana wetu zamani, vitabu 3 vikubwa, vilivyotoka kati ya miaka ya 1932 na 1938. Wako waliomlaumu, nao walikuwa na haki kwa sehemu. Vijana wa siku zile walitaka shule na bei nzuri ya kahawa, naye aliwatazama kana kwamba afadhali wabaki kama babu zao. Lakini lau asingaliandika, leo tungaliuliza na pasingalikuwa na wa kujibu.

Jambo moja la kufurahisha kuhusu mama yule: sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mwanamke aliyejifungua likizo ya siku 84. Hesabu mwenyewe, msomaji. Hizo ni majuma 12, karibu sawasawa na kipimo cha bibi zetu. Zimebaki siku. Wimbo wa sokoni ndio haumo katika sheria.

Si yote yaliyokufa. Nyingine zimesafiri, kama ndafu. Mbuzi mzima aliyebanikwa, akaletwa akiwa amesimama na majani mdomoni, hukatwa arusini mbele ya watu wote. Siku hizi hata maarusi wasio na tone la damu ya Kichagga humwagiza, na katika Dar es Salaam tumeona ndafu na keki ya Kizungu zikisimama meza moja, zikitazamana.

Majina ya watoto nayo hayajaachwa. Mwana wa kwanza hutwaa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na binti vivyo hivyo kwa mabibi. Mara nyingi jina hilo husimama nyuma ya jina la ubatizo, halitajwi shuleni, lakini likiitwa na bibi jikoni mtoto hugeuka upesi kuliko anapoitwa na mwalimu.

Tena lipo isale. Mmea huu wenye majani marefu hupandwa kuwa ua na mpaka wa kihamba, na asogezaye isale la jirani hata kwa hatua moja amefanya neno zito. Ugomvi mwingi uletwao mbele ya wazee mwezi wa Desemba ni huo: ndugu arudi kutoka mjini, apima kwa macho, aona mstari si ule aliouacha. Na jani la isale ndilo ishara ya kuomba radhi. Mkosaji hulifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea, naye aliyeletewa ni vigumu mno kwake kulikataa, kwa kuwa ukoo wote utamwuliza. Mwenye kutaka kupatana na ndugu yake kwa ajili ya mpaka hana haja ya kwenda mbali kulitafuta. Hulichuma pale pale mpakani.